Ncha Mbili za Kamba

Nyumba za Wafanyakazi,
Hifadhi ya Nyasi.

Dada yangu mpendwa, Mama Pacha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na hao pacha wako wasiojua kukaa kitako. Mimi mdogo wako mwili haujambo. Baba naye anakula vizuri, na ule mgongo uliomsumbua wakati wa baridi umetulia. Ameketi hapa mbele yangu, upande wa pili wa meza, anafunga makopo mapya kwenye kamba ya kazi, na anakusalimu sana. Amenipangia kila kitu cha kuandika: mvua zilichelewa lakini zimetosha, nyasi zimefika kiunoni, paa la jikoni halivuji tena. Nikimaliza ameniambia nimsomee kwa sauti kabla ya kufunga bahasha. Kwa hiyo usishangae, dada, ukiona barua yenyewe ni ndefu kuliko mambo ya paa na mvua. Si yote nitakayomsomea.

Nianze na yale anayoyataka yeye, maana ni ya kweli, na najua huko uliko unayatamani. Mbayuwayu walifika pamoja na mawingu ya kwanza, wakajaa kwenye waya wa stoo kama kawaida yao, wakachafua pikipiki ya Mkuu wa hifadhi kama kawaida yao pia. Kisha nyasi zilipopanda wakatokea wale ndege weusi wa mikia mirefu, madume wakiruka juu na kushuka, juu na kushuka, kutwa nzima, ili majike wawaone. Mmoja mkia ulimlowa kwa mvua hata akashindwa kupaa, akabaki anaburuza. Mjomba akasema anamfahamu bwana harusi mmoja aliyekuwa hivyohivyo. Sasa mvua zimekatika, kware wanaitana asubuhi, na mwewe wameanza kuzunguka juu kwa sababu wanajua msimu wa moto umefika na panya watakimbia. Korongo huwa wa mwisho. Hao, unawajua, hawaji mpaka moto uwe umepita na panzi wako wazi kwenye majivu.

Na yule tandawala wa bondeni, ndege wetu mkubwa kuliko wote, yupo. Yule jike mkubwa wa shingo ya kijivu uliyekuwa ukimwita Bi Mkubwa, kwa jinsi anavyotembea kama mtu aliyeitwa ofisini na hana haraka ya kufika. Mwaka huu mvua zilipochelewa naye alichelewa kutaga. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Hayo ndiyo atakayosomewa Baba. Haya yanayofuata ni yako.

Dada, macho ya Baba yamekwisha. Sisemi yamepungua. Yamekwisha. Anaona mwanga na kivuli, na kitu kikubwa kikipita karibu anajua kimepita. Mimi na Mjomba anatutambua kwa hatua zetu. Chai namwekea mahali palepale kila siku, nikisahau nikaweka pembeni anapapasa meza, na mimi nageuka dirishani ili asijue kwamba namwona. Tulikwenda kliniki ya macho kimyakimya. Daktari alisema ugonjwa umeula mshipa wa ndani, na kilichoondoka hakirudi. Njiani Baba aliniapisha nisikwambie, kwa sababu ungekuja na gari umchukue ukamkalishe kwenye kiti karibu na cherehani zako mjini. Akaniapisha nisimwambie na Mkuu. Sababu ya Mkuu huhitaji kuelezwa, lakini acha niiandike, maana usiku na mchana ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu.

Nyumba hii ni ya jicho. Si ya Baba wala si yetu, ingawa tumezaliwa humu na Mama amefia humu. Wewe umeifanya kazi hii, unajua ilivyo: kabla kitalu cha nyasi hakijachomwa, wawili wanashika kamba huku na huku, wanaiburuza juu ya nyasi na makopo yake yakigonga, na wa tatu anafuata nyuma akitazama ndege gani ameinuka wapi. Palipoinuka ndege panachomekwa kijiti, na pale moto haufiki. Huyo wa tatu ndiye jicho, na nyumba ni ya jicho kwa sababu lazima awe karibu na nyasi mwaka mzima. Siku jicho likiacha kuwa jicho, nyumba inakwenda kwa mwingine. Basi nikawaza: Baba bila kazi, tena bila nyumba, tena hana macho. Nikaona bora uongo.

Uongo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, dada, ungetuona ungecheka mpaka uketi chini. Mimi nashika kamba kushoto, Mjomba anashika kulia, na goti lake bovu lile. Ndege akiruka upande wangu nakohoa. Akiruka upande wa Mjomba, yeye anapiga mluzi. Baba anafuata sauti, anakwenda mpaka pale, anapapasa kwa fimbo, anachomeka kijiti, na mtu akimtazama kutoka mbali anasema mzee huyu ana macho makali. Kwa kweli nilikohoa mpaka nikasifika. Wenzangu wakaacha kunywea kikombe changu. Mkuu wetu mpya, mwanamama mtaratibu anayevaa darubini shingoni kama mkufu, alininunulia dawa ya kifua kwa pesa yake, akanisimamia mpaka nikainywa. Chungu, dada. Nikasema asante, na aibu ikanishika hadi masikioni.

Hila hiyo ilitufikisha mbali kwa sababu ndege wengi huruka. Kware anaruka, tena kwa kelele. Lakini kuna ambaye haruki, na sisi watatu tuliozaliwa kwenye kazi hii, tuliomjua tangu utotoni, tulimsahau. Tandawala akiwa juu ya yai hainuki. Analaza shingo chini, anajibana na ardhi, kamba inampita mgongoni, naye anatulia. Huyo haonekani na mshika kamba, maana mshika kamba anatazama mbele. Anaonekana na jicho tu, linalokuja nyuma polepole. Ndiyo sababu ya kuwa na jicho.

Wiki iliyopita Mkuu aliamua tuchome kitalu cha bondeni. Majirani walikuwa wanalalamika kwamba nyasi zimekuwa ndefu, na cheche moja tu itakwenda hadi mashambani kwao. Alikuwa na haki. Asubuhi tukapitisha kamba. Tukaenda vizuri, nikakohoa zangu, Mjomba akapiga mluzi wake. Tulipokaribia mwisho nikasikia kamba inapanda mkononi mwangu, kidogo sana, kisha inashuka. Nikageuka. Hakuna kilichoruka. Nikajiambia ni kichuguu, na papo hapo nikajijibu kwamba pale hapana kichuguu, nimepita pale maisha yangu yote. Sikukohoa, kwa kuwa tulikubaliana kukohoa ni kwa ndege aliyeruka, na hakuna aliyeruka. Baba akafika mwisho, akainua mkono, akasema neno lake la siku zote, peupe, na Mkuu akampungia Bwana Moto awashe.

Bwana Moto ni huyu kiongozi wa wachomaji aliyekuja baada yako kuolewa, mtu mwangalifu asiyependa mzaha akishika moto. Aliuwasha upande wa chini, ili utambae polepole dhidi ya upepo. Sisi tulikuwa juu, pembeni ya barabara, Mjomba ameketi anakanda goti, mimi nakunja kamba. Baba akanisogelea. Akasema kwa sauti ya chini, "Makopo yalinyamaza. Kule mwisho. Yalipita juu ya kitu laini." Kisha akaniuliza, na hakuwahi kuniuliza hivyo tangu nizaliwe, "Wewe uliona nini?"

Nilitakiwa kumjibu mara moja. Ningesema kamba ilipanda, tungemwendea Mkuu pamoja, tungetunga sababu yoyote. Badala yake nikasema ngoja kwanza, nikamwangalia Mkuu yuko wapi, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa kwenye nyumba. Nilipogeuka Baba alikuwa ameshaingia kwenye nyasi. Alikuwa anatembea haraka, fimbo mbele, kama mtu anayejua anakokwenda, na alikuwa ameelekea siko. Alipaswa kushika kulia. Yeye alikwenda moja kwa moja, kuelekea chini, kunakotoka moshi.

Nikamwita. Hakusikia, au alisikia akakaza mwendo, unamjua. Halafu upepo ukageuka. Niliuhisi usoni. Ule moto uliokuwa unatambaa ukasimama, ukapanda juu ya nyasi, ukaanza kuja kwetu na sauti yake ile ya kukatakata. Moshi ukafunika bonde, na Baba akapotea ndani yake.

Mkuu alikuwa ameshamwona akiingia. Hakuwa na wasiwasi wowote, dada. Alimwambia Bwana Moto kwamba mzee amekumbuka kiota, ataona njia, atatokea upande wa mawe. Watu wote pale waliamini hivyo. Hakuna mtu anayekimbia kumwokoa mtu mwenye macho makali kuliko wote. Nikaelewa kwamba uongo wangu ndio utakaomuua.

Nikapiga kelele, mbele ya Mkuu, mbele ya Bwana Moto na wachomaji wote, wengine wao vijana aliowafundisha mwenyewe. Nikasema, "Baba haoni! Haoni kitu! Zimeni!"

Sijui kama alinisikia kutoka kule ndani. Nadhani alinisikia.

Bwana Moto hakuuliza swali. Aliwapanga watu wake na matawi na mabomba ya maji ya mgongoni, wakauvamia moto kwa mbele, jambo ambalo huwa anawakataza. Mimi nikataka kuingia kumtafuta, Mjomba akanikamata mkono, akasema nikiingia peke yangu watatafutwa wawili. Akaokota ncha ya kamba na kunitupia. Tukatandaza kamba upana wake wote, yeye kulia, mimi kushoto, na tukaanza kukimbia kuteremka bondeni tukiburuza makopo. Mjomba na goti lake! Alikuwa analia kwa maumivu na hakulegeza.

Tulimburutia kamba baba yetu, dada. Tulimtafuta kama tunavyotafuta kiota. Sikuona mbele yangu zaidi ya mkono wangu mwenyewe. Moshi uliniingia kifuani nikakohoa kikohozi cha kweli sasa, na kila nilipokohoa niliogopa atadhani namwelekeza upande wangu, upande wa moto. Nikajaribu kujizuia nikashindwa. Sijawahi kuogopa hivyo. Wakati Mama anakufa nilihuzunika, lakini sikuogopa.

Kisha makopo ya katikati yakanyamaza na kamba ikanivuta mkono. Nikasimama. Mjomba akasimama. Kamba ikavutwa mara ya pili, kwa makusudi, jinsi Baba alivyokuwa akituvuta tulipokuwa wadogo tukienda upesi kupita kiasi. Ameishika. Tukageuza, tukakimbia kurudi juu, na Baba katikati, mikono yake yote miwili kwenye kamba, hana fimbo, hana kofia, nyusi zimeungua upande mmoja. Tulipofika barabarani aliiachia kamba, akajipangusa suruali, akaketi kwenye jiwe akitutazama pale anapodhani tupo.

Moto waliuzima. Nusu ya kitalu imeungua, nusu imebaki. Jioni nilirudi pale nilipohisi kamba imepanda, na Mkuu akanifuata. Bi Mkubwa alikuwa hapo, shingo imelala chini, majivu mgongoni, mstari wa weusi umeishia karibu naye kama urefu wa meza hii. Hakutoka. Mkuu alichutama muda mrefu bila kutumia darubini. Kisha akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu baridi ya mwaka jana. Akasema, "Kumbe kile kikohozi." Ningependa angenifokea, nikapata la kumjibu. Mimi huwa nina la kumjibu kila mtu.

Kesho yake alikuja hapa nyumbani, akamwamkia Baba, akakaa kwenye kiti chako. Alizungumza naye kwa heshima, hakuzunguka. Alisema Baba hawezi tena kuwa jicho, na kwamba hilo Baba analijua kuliko yeye. Alisema nyumba ni ya jicho, utaratibu huo hakuuweka yeye na hawezi kuuvunja. Vitalu vilivyobaki lazima vichomwe kabla upepo mkubwa haujaanza, kwa hiyo anahitaji jicho jingine mapema. Kama katika familia yetu yuko anayeijua kazi, atampokea kwanza yeye kabla ya kutafuta nje. Akauliza kama yuko. Nikamtazama Baba. Baba alisema atafikiri, akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka mlangoni akipapasa ukuta, mbele yake, bila kujificha tena.

Tangu siku hiyo haongei na mimi. Ananiomba chumvi, anauliza kama nimefunga mlango, basi. Nimemwokoa na nimemvua nguo mbele za watu kwa sentensi moja, na yote mawili ni kweli. Hajaniambia lipi analihesabu. Leo ndiyo mara ya kwanza ameniita, akasema niketi nikuandikie, kisha akanipangia yale ya paa na mvua. Nikajua bado anakuficha. Nami nilimwapia, na hapa nimevunja kiapo huku yeye yuko mbele yangu anafunga makopo. Ndivyo nilivyo mimi siku hizi. Nakupenda, na nimechoka kubeba jambo hili peke yangu.

Ngoja, dada. Anataka nimsomee sasa.

Nimerudi. Nimemsomea salamu, nimemsomea mbayuwayu, bwana harusi wa mkia, Bi Mkubwa na mwendo wake, nikaruka mpaka mwisho nikatunga salamu za kufungia. Alisikiliza bila kuacha kufunga. Nilipomaliza aliweka kopo mezani. Akasema, "Kalamu yako imetembea tangu chai ilipokuwa ya moto. Chai imepoa, na wewe umenisomea salamu."

Akaniuliza kama nimekuandikia habari ya macho. Nikasema ndiyo. Na moto? Ndiyo. Na maneno yale niliyopiga kelele? Nikasema nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nikasubiri anifukuze mezani. Badala yake akanyoosha mkono juu ya meza, akapapasa mpaka akaupata wangu, na akasema niliposema yale yeye alikuwa amesimama kwenye moshi hajui juu ni wapi wala chini ni wapi, na sauti yangu ndiyo ilimwonyesha barabara iko upande gani. Alikuwa ameshaanza kuja kwetu kamba ilipomfikia. Siku zote hizi alikuwa akitafuta namna ya kunishukuru kwa jambo lililomuumiza, na hakuipata.

Nililia, dada, siwezi kukuficha. Yeye alingoja nimalize kisha akanipa kazi, unamjua. Ameniambia niandike hivi. Goti la Mjomba limekwisha kabisa baada ya zile mbio, halitashika kamba tena. Kamba haihitaji macho, inahitaji mikono. Kushoto nipo mimi. Kulia atashika yeye, na hataki ubishi. Kinachokosekana ni mtu wa kutembea nyuma, na katika watu wote aliowafundisha, mmoja tu alikuwa akimwona tandawala juu ya yai kabla yake mwenyewe, na ni msichana mdogo aliyekuwa akimfuata nyuma na gauni la shule. Anasema anajua una mume, una watoto, una cherehani na wateja wasio na subira. Hakulazimishi. Anasema njoo kwa vitalu hivi vilivyobaki, uje na pacha, wakimbie kwenye nyasi wachafuke, kisha utaamua mwenyewe. Na anasema hakuja kwako kukaa kwenye kiti kwa kuwa hakuwa tayari kukaa, wala si kwamba hakutaka kuwa kwako.

Mimi naongeza langu: Bi Mkubwa ametotoa. Jana nilimwona anatembea pembeni ya majivu na kifaranga chake nyuma, na korongo wamefika, wamejaa pale palipoungua wanaokota panzi. Nimemweleza Baba sasa hivi wanavyotembea. Amesema wewe ungeeleza vizuri zaidi.

Nisalimie sana shemeji, umwombe radhi kwa niaba yetu kabla hujamwambia tunataka nini. Wabusu pacha. Mjomba anakusalimu akiwa amelaza mguu juu ya stuli, anasema usimletee dawa, umletee fimbo nzuri ya mjini. Sitaongeza zaidi, kwa sababu Baba anaitaka karatasi atie sahihi kwa mkono wake. Nimemwonyesha mstari kwa kidole, ila najua ataukosa, kwa hiyo ukiona maandishi yamepanda juu ya yangu usidhani watoto wamechezea kalamu. Sitayafuta.

Mimi mdogo wako akupendaye,
mshika kamba, upande wa kushoto.

Na mimi Baba yako,
mshika kamba, upande wa kulia.